Kengele Iliyolala Saa Tano

Kiponda, Unguja
Jumapili, 6 Oktoba 2024

Ndugu yangu Mahfoudh,

Assalaam alaykum warahmatullah. Nnataraji barua hii itakukuta mzima, na kama sanduku lako la posta la Newala ni lile lile la kwenye bahasha ya mwisho uliyomletea Mama, basi itakukuta kweli. Sisi huku hatujambo. Mama mzima, macho ndiyo yanayomsumbua, na magoti wakati wa kusujudu. Sasa anasali juu ya kiti, na kila siku anakilaumu kiti kuwa ni kifupi. Binti yangu Shadya, uliyemwacha anasoma darasa la tatu, leo ana watoto wawili na anakaa Mbweni. Mimi nimestaafu skuli mwaka jana. Walimu wenzangu wamenifanyia sherehe na kunipa seti ya vikombe, mpaka leo sijalifungua boksi lake.

Nakuandikia kwa sababu ya ile kengele ya wezi. Ndiyo, ile uliyoitia wewe. Bado ipo ukutani. Baada ya yale yaliyotokea, Ami Jecha aliupigilia misumari mlango wa paa, na kengele ikakaa kimya miaka kumi na minane kama haipo. Mwezi wa nane tumeleta mafundi wa kuziba paa linalovuja, misumari imeng'olewa, na tangu hapo hatuna raha. Ukipanda jioni kuanua nguo, ukiugusa ule mlango tu, king'ora kinalia mtaa mzima. Juzi jirani yetu Bwana Suhail, mwenye nyumba ya wageni, kaja mbio na mgeni wake mmoja aliyevaa taulo, povu limejaa kichwani, anauliza moto uko wapi. Nilitaka kucheka nikaona aibu.

Sheha wa mtaa naye kaja. Kasema kwa adabu, lakini kasema: Ramadhani ikiingia na kengele bado inalia, ataleta mtu aje kuikata. Fundi Anwar wa Darajani kaitazama, kacheka, kasema kwanza nimpe kitabu cha maelezo na namba ya siri ya fundi aliyeitia. Kitabu kimeliwa na mchwa zamani. Namba unayo wewe.

Nataka kuipanga upya iache kulia jioni. Ndilo hilo tu. Mengine sikuandikii, na wewe usiniandikie. Niambie namba na nibonyeze nini. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na tano, vitufe kumi na viwili havitonishinda.

Dada yako,
Salhiya


Newala
2 Novemba 2024

Dada Salhiya,

Salamu zimefika. Mimi mzima na mke wangu Nasima mzima. Huku ni msimu wa korosho, kiwanda kinakwenda usiku na mchana, na mashine zote zimo mikononi mwangu, kwa hiyo barua yako imekaa mfukoni wiki mbili. Usinilaumu.

Umesema mengine nisiandike. Nitaandika mara moja, kisha basi. Mwaka 2006 kidani na vikuku vya Mama vilichukuliwa usiku. Mwizi kapita mlango wa paa, komeo limebanduliwa, na kengele niliyoitia mimi haikulia. Mkanikalisha ukumbini. Ami Jecha akasema kikulacho ki nguoni mwako, mwizi kazimiwa kengele na mtu wa ndani, na namba anaijua mmoja. Mama akasema hana radhi nami mpaka dhahabu yake irudi. Mimi sikuchukua kitu wala sikumzimia mtu kengele. Nilisema siku ile na nasema leo. Wewe ulikaa karibu na mlango, hukutamka neno. Nikatoka siku ile ile na sanduku langu la bisibisi, na hata ile kengele sikugeuka kuitazama.

Basi, nimemaliza. Tuje kwenye kazi.

Mimi nimeitia, mimi naijua, na nitakuongoza bila ya kitabu. Kitabu ni cha wasiojua. Ila namba ya fundi sitokupa, na usiniulize sababu. Iko njia nyengine. Kabla sijakwambia uguse chochote, nijibu maswali matatu. La kwanza, kwenye uso wa vitufe zinawaka taa ngapi, na za rangi gani? La pili, fungua kifuniko cha lile sanduku kubwa chini ya ngazi, uhesabu waya zinazoingia upande wa kulia. La tatu, saa ya chombo inaonyesha ngapi? Itazame pamoja na saa ya simu yako, uniandikie zote mbili kwa tarakimu, kama zilivyo.

Na usibahatishe namba. Ukikosea mara tatu kinajifunga.

Mahfoudh


Kiponda
24 Novemba 2024

Ndugu yangu,

Marahaba. Najua hukuandika shikamoo, nimeijibu ile uliyoisahau.

Alhamdulillahi sote hatujambo. Mama kapata miwani mpya, anasema sasa anawaona watu vizuri na amegundua tumezeeka. Ami Jecha ana miaka tisini na moja, anasikia anapotaka. Sikujua kama umeoa. Nisalimie Nasima, umwambie ana wifi huku, mkali lakini si mbaya.

Nimefanya kazi uliyonipa. Taa ni mbili, ya kijani imetulia na nyekundu inamweka, inawaka na kuzima. Waya za kulia ni nane. Moja ganda lake limechunika lakini shaba nzima. Ndani ya sanduku nimekuta mayai matatu ya mjusi na vumbi la kutosha kupandia mchicha. Nimefuta kwa brashi ya rangi, sikutia maji, usinifikirie mjinga.

Halafu nikabahatisha namba. Ulinikataza, najua. Nimetia mwaka uliozaliwa wewe, nikatia mwaka niliozaliwa mimi, nikatia wa marehemu Baba. Kikajifunga, kikanipigia kelele kama mwalimu mkuu. Ilinibidi nisubiri nusu saa nzima nimekaa kwenye ngazi na brashi yangu. Haya, sasa nipe hiyo namba, unaificha ya nini?

Utaniuliza kwa nini tusiing'oe tu tukapumzika. Anwar alikuja na bisibisi yake. Mama alikuwa chumbani, akasikia skrubu zinalegezwa, akatoka kwa magoti yake yale mpaka ukumbini na kusema, "Wacha. Kitu cha Mahfoudh hakiguswi." Anwar kakusanya vyombo vyake na kuondoka. Sikukusudia kukwambia hili, lakini nshaliandika kwa wino na karatasi zimebaki mbili.

Dada yako,
Salhiya


Newala
22 Desemba 2024

Dada Salhiya,

Shikamoo.

Hilo la Mama nimelisoma. Nimemsomea na Nasima. Tuliache pale pale kwa sasa.

Umefanya vizuri kwenye waya. Wa ganda lililochunika uzungushie utepe wa umeme, mweusi, mara tatu. Kubahatisha namba umefanya vibaya, na nilijua utafanya, ndiyo maana nikakukataza.

Sasa nikuulize, mwalimu. Mwanafunzi kapewa maswali matatu, kajibu mawili, la tatu kalipita kama hakuliona. Ungempa alama ngapi? Nilikuuliza saa ya chombo inaonyesha ngapi. Nijibu.

Nikueleze kwa nini naitaka. Kengele ile niliipanga mimi iamke yenyewe saa tano usiku, nyote mshalala, na ilale saa kumi na moja alfajiri, kabla Mama hajapanda juu kusali. Ikishaamka, mlango wa paa ukifunguliwa inalia. Ikilala, hata uutoe mlango na fremu yake haisemi kitu. Nilifanya hivyo msipate tabu ya kubonyeza kila siku. Kwa hiyo kulia jioni hakuna sababu. Nimetia kengele kumi na moja mjini, hakuna hata moja iliyonirudisha, na hii haikosei yenyewe. Kuna mtu kaichezea.

Fanya na jaribio. Siku tatu, kila ikipita saa moja, panda juu ufungue ule mlango, uandike inapolia na isipolia. Mpe Bwana Suhail habari mapema, asije tena na mtu wa povu.

Na uandike saa, dada.

Mahfoudh


Kiponda
15 Januari 2025

Mahfoudh,

Jaribio nimelifanya siku tatu na matokeo ni mamoja. Saa kumi jioni, kimya. Ikifika saa kumi na moja jioni barabara, inalia ukifungua. Magharibi inalia. Isha inalia. Saa nne usiku inalia. Ikifika saa tano usiku barabara inanyamaza, na hapo hata ufungue mlango mara kumi haisemi, mpaka kesho yake tena saa kumi na moja jioni.

Mama hajambo.

Swali la tatu sina jibu lake leo.

Salhiya


Newala
1 Februari 2025

Dada Salhiya,

Nimekaa na karatasi yako wiki nzima kwenye meza ya kazi. Nimeipigia hesabu, nikaipiga tena, nikamwita Nasima aipige yeye. Jibu ni lile lile.

Chombo kile kinahesabu saa ishirini na nne kama za uwanja wa ndege. Saa tano usiku mimi nilikiandikia 23. Saa kumi na moja alfajiri nilikiandikia 5. Sasa wewe unaniambia kinaamka saa kumi na moja jioni na kulala saa tano usiku. Maana yake saa yake imetangulia saa sita kamili. Ingekuwa betri imechoka, ingekosea dakika arubaini, saa moja na robo, kitu kisicho na mpango. Anayekosea saa sita kamili ni binadamu. Ni mtu aliyekwenda kuitazama saa ya ukutani ya Mama, ile ambayo Baba aliitia kwa saa zetu, mshale kwenye tatu ikiwa saa tatu. Kaiona tatu, kashuka chini ya ngazi kaandika 3. Na chombo, masikini, kikaelewa ni saa tisa za usiku.

Unaona kilichofuata? Ile saa tano niliyotaka kiamke, chenyewe kinasoma 5, kinalala! Kengele ikawa inalinda nyumba wakati nyote mko macho mnakula, na mkizima taa kulala, nayo inalala. Hata aje mwizi na ngoma na zumari.

Mwizi hakuhitaji namba, Salhiya. Hakunihitaji mimi. Alihitaji mtu mmoja mwema, anayejua saa za kwetu, kutia tarakimu moja.

Nimekula Idi thelathini na sita ugenini. Nimeoa hakuna hata mmoja wa kwetu aliyekuja kunishikia mkono. Mtu akiniuliza kwenu wapi namwambia Tanga. Tanga! Sijapata hata kulala Tanga. Na kumbe ilikuwa saa ya ukutani.

Nani anayetia saa katika nyumba ile umeme ukirudi? Sitaki salamu, sitaki habari za miwani. Niandikie jina.

Mahfoudh


Kiponda
Ijumaa, 14 Februari 2025

Ndugu yangu Mahfoudh,

Jina ni Salhiya.

Salamu hukuzitaka lakini nakutolea, kwa sababu ni haki yako: assalaam alaykum.

Umeme ukikatika siku mbili tatu, saa ya kile chombo hupotea, inakaa inamweka 0 na 0. Wewe mwenyewe ulinionyesha kitufe cha kuitia saa, hiyo haitaki namba. Nikaifanya ndiyo kazi yangu. Nikimaliza kusahihisha madaftari baada ya Isha, naitazama saa ya Mama, nashuka, natia. Miaka yote hii, kila umeme ukirudi, mimi. Na wiki ile ya 2006 umeme ulikatika siku tatu ukarudi Jumatatu. Jumatatu usiku nikatia saa, kwa mara ya kwanza, na siku tatu zile hakuna aliyepanda juu jioni. Mwizi kaingia Alkhamisi. Nyumba ya jirani ilikuwa inatengenezwa, majukwaa ya mafundi yamefika mpaka kwenye paa letu, na hakuna mmoja wetu aliyeyafikiria majukwaa. Tulikufikiria wewe.

Sikujua, Mahfoudh. Wallahi sikujua. Lakini nimejua tangu ulipouliza lile swali la tatu. Nilishuka na simu mkononi kuandika tarakimu kama ulivyotaka. Simu inasema 16:20. Chombo kinasema 22:20. Nikatoa moja kwenye nyengine, hesabu ya darasa la pili, nikakaa chini pale pale kwenye ngazi. Ile barua niliyokuletea, ya mayai ya mjusi, niliiandika nshajua. Nikakutania nshajua. Lile jaribio nilikuandikia saa zote sawasawa, sikubadilisha hata moja, kwa sababu nilitaka unikamate wewe. Kusema mwenyewe sikuweza. Mwanamke wa miaka hamsini na nane, anaogopa kama mtoto aliyevunja sahani.

Na jengine. Umesema nilikaa karibu na mlango sikutamka neno. Kweli. Sikunyamaza kwa woga wa Ami Jecha. Nilinyamaza kwa sababu niliamini kuwa ni wewe. Hilo ndilo linaloniuma kuliko saa.

Barua yako imenifika Jumatano. Usiku ule ule nimemwambia Mama. Kaingia chumbani kajifungia. Jana kutwa alikuwa juu ya kiti chake cha kusalia. Leo asubuhi kaniambia, "Waite waje baada ya sala ya Ijumaa. Wale wale." Basi wamekuja, waliobaki hai. Ami Jecha kaletwa ameshikwa mikono. Shadya kaja kutoka Mbweni. Mama kataka tukae ukumbi ule ule. Kile kigoda ulichokalishwa wewe nimekikalia mimi, hakuna aliyeniambia.

Nimeiteremsha saa ya ukutani nikaiweka juu ya meza, na simu pembeni yake, nikasomesha kama darasani. Ami Jecha akasema saa ni saa, mnanichanganya. Nikamwuliza, "Ami, sasa hivi saa ngapi?" Kasema saa tisa. Nikamwonyesha simu: 15. Nikasema, "Kengele inasoma hii. Mimi nilikuwa naiandikia ile." Kaitazama ile simu, akaitazama saa, mara nyingi. Kisha kalia, yule mzee. Kasema, "Mtoto kaondoka bure. Nimemfukuza mimi kwa methali." Hakuna aliyembembeleza, kila mtu alikuwa na lake.

Mama ndiye aliyekuwa wa mwisho. Nakuandikia kwa maneno yake, alikaa pembeni yangu mpaka nikayamaliza:

"Mwambie radhi zangu anazo. Nilisema sina, lakini ule ulikuwa ulimi. Asubuhi yake nilipanda juu kusali nikamwombea, na sijaacha hata siku moja. Ningemwita, lakini nilijiona mimi ndiye mwenye haki, nikangoja aje yeye. Sasa muulize na yeye. Ana radhi nami?"

Nikamwambia, "Mama, mzazi haombi radhi kwa mwanawe, haijapata kusikiwa." Kaniambia, "Andika kama nilivyosema. Wewe ushakosea kuandika mara moja."

Basi nimeandika.

Mimi sikuombi kitu. Ukinisamehe, nitashukuru. Usiponisamehe, sitokuuliza kwa nini. Kengele sijaigusa, sheha na aje na koleo lake akitaka. Barua hii sikuipa posta, nimeikabidhi kwa watu wa boti waipe basi, ikufike haraka.

Salhiya


Newala
Jumamosi, 22 Februari 2025

Dada yangu Salhiya,

Shikamoo. Sote hatujambo huku, msimu umekwisha na mashine zimelala.

Barua yako imefika juzi. Nimeisoma nje, nyuma ya kiwanda, nikalia sana, na sioni haya kukuandikia hivyo. Nilidhani nikilipata lile jina nitakasirika wiki mbili. Nimekasirika siku moja. Ya pili nilikuwa nakuona umekaa kwenye ngazi na simu yako, unatoa kumi na sita kwenye ishirini na mbili, na hasira ikaniponyoka.

Nami nina langu. Namba ya fundi ni 5555.

Soma tena. Tano nne. Ndiyo namba iliyotoka nayo kiwandani, imeandikwa ukurasa wa kwanza wa kile kitabu, na iko hivyo kwenye kila chombo cha aina ile. Fundi akishamaliza kazi ndicho kitu cha kwanza anachotakiwa kubadilisha. Mimi sikubadilisha. Siku niliyoimaliza ile kazi Mama alikuwa kapika wali wa pweza, nikaitwa mezani, nikasahau. Nimekuja kukumbuka ukumbini, siku ile, Ami Jecha anasema namba anaijua mmoja.

Mama aliniuliza mbele ya wote, unakumbuka? "Mahfoudh, nani mwengine anaijua hii namba?" Jibu la kweli lilikuwa: anaijua kila fundi mwenye kitabu, kuanzia hapa mpaka Mombasa. Ningelisema hilo, ningekuwa nimetoka. Lakini nilikuwa na miaka thelathini na sita, kengele kumi na moja mjini, watu wakipishana wananiita fundi, fundi. Nikaona nikisema hivyo, uwizi utanitoka lakini watasema ni fundi mbovu. Nikamjibu, "Hakuna. Mimi peke yangu." Kwa sauti kubwa, na kidevu juu. Nyinyi mkaamini nilichokwambieni. Ndiyo maana namba sikuitaka kuiandika. Nasima mwenyewe nimemwambia jana tu, kacheka mpaka kakaa chini, kisha kanikasirikia na leo hajanisemesha vizuri.

Kwa hiyo, dada, ulitia saa mbovu na mimi nikatia neno bovu. Uzito wake upime wewe, hesabu ni zako.

Sasa kazi, maana sheha hangoji. Huhitaji kupanga upya chochote. Mpango ni ule ule niliouweka, mzima. Bonyeza kitufe cha saa, ushikilie mpaka kipige mlio mmoja, tia saa ya simu yako kama ilivyo, ushikilie tena. Umemaliza, jioni anua nguo kwa raha zako. Kisha ubadilishe na ile namba: nyota, nane, 5555, halafu tarakimu nne unazozitaka wewe, na nyota tena. Usitie mwaka wa mtu yeyote. Na mimi usiniambie.

Barua hii naipa basi, na huenda nikaitangulia. Nimeandika hata hivyo, kwa sababu la namba nikisubiri kulisema kwa mdomo, sitolisema. Ukiipata nshafika, wasomee, na Ami Jecha awepo.

Tunakuja, mimi na Nasima. Tunaondoka Jumatatu.

Swali la Mama usimjibie. Kila Idi nilikuwa nnatunga maneno nitakayomwambia siku atakayoujua ukweli. Yalikuwa makali, yamepangika, nimeyahifadhi kama sura ya Kurani. Juzi nimesoma swali lake nikayatafuta, sikuyaona hata moja. Nasima kaniuliza, "Sasa ukifika utamjibu nini?" Nimemwambia nitaubusu mkono wake kwanza, na nikishaubusu sidhani kama patabaki cha kujibu.

Mdogo wako,
Mahfoudh